Moto wa Mzazi: Historia ya Siku za Kwanza Baada ya Kujifungua, Njombe na Makambako

Anayetaka kuelewa namna mama alivyotunzwa baada ya kujifungua katika nyanda za Njombe na aanze na baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai kuna asubuhi ambazo sakitu hulala juu ya mashamba ya viazi, na maji ya bomba huuma vidole. Mtoto hutoka tumboni akiwa amelowa. Asipokaushwa na kufunikwa mara moja, joto humtoka ndani ya dakika chache. Akipoa hulegea, akilegea hanyonyi, asiponyonya hukosa nguvu ya kujipatia joto jingine. Mtoto aliyezaliwa mzima, bila ugonjwa wowote, anaweza kufa kwa njia hiyo kabla ya usiku kwisha.

Nimekuwa mkunga katika mkoa huu tangu ulipokuwa bado sehemu ya Iringa, na sasa nimestaafu, naishi Makambako. Katika miaka yangu ya kazi nilisoma na kuandika taarifa nyingi za uzazi. Karibu zote zilihesabu waliofika leba, waliojifungua salama, waliopasuliwa. Sehemu ya baada ya hapo ilikuwa mstari mmoja: mama na mtoto wameruhusiwa. Nimekuja kuamini kwamba mstari huo umeficha nusu ya historia yetu. Swali ninalotaka kulifuata hapa ni moja: mtoto akishalia, nani hubaki na mama?

Kwa bibi yangu, mzaa mama, swali hilo lilikuwa na jibu kabla mimba haijaonekana. Aliishi upande wa Lupembe, na alikuwa mmoja wa wanawake walioitwa usiku mlango unapogongwa. Nyumba ya mzazi ilianza kuandaliwa miezi kabla. Kuni ngumu zilikusanywa na kurundikwa ndani, mahali pasipofikiwa na mvua, kwa sababu moto ule haukutakiwa kuzimika mchana wala usiku. Ulezi ulipepetwa, ukasagwa na kuwekwa pembeni, kwa ajili ya uji wa mzazi peke yake. Kuku alijulikana ni yupi. Baada ya mtoto kutoka, mama alilala upande wa moto na mtoto kifuani, na wanawake wawili au watatu wa ukoo waligawana zamu: mmoja wa kuni na maji, mmoja wa chakula, mmoja wa kumshika mtoto mama anapolala. Hakutoka nje hadi kitovu kikauke na kudondoka, na hata baada ya hapo hakushika jembe kwa majuma kadhaa.

Jioni alikandwa. Bibi alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakiweka tumboni na mgongoni, kisha akabonyeza tumbo kwa kiganja ili, kwa maneno yake, damu iliyobaki isikae. Nilipofika chuo cha uuguzi na kufundishwa kuusugua mfuko wa uzazi mpaka ukaze kama mpira, mikono yangu ilikuwa imeshaona jambo linalofanana na hilo. Mwalimu wetu alieleza sababu: mfuko ukikaza, mishipa iliyokuwa ikilisha kondo hubanwa na damu husimama. Alieleza pia hatari ya maji yaliyochemka, kwa kuwa kuna akina mama waliofikishwa hospitali wakiwa na majeraha ya moto tumboni. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yalitoka katika nyumba zile zile.

Kwa hiyo sitaki mtu asome habari za moto ule akadhani nasifia enzi zilizopita. Bibi yangu alizika wanawake. Damu ilipozidi hakuwa na cha kuizuia zaidi ya mikono na maombi. Kifafa cha mimba, ambacho huweza kumpata mama hata siku kadhaa baada ya kujifungua, kilihesabiwa kuwa kazi ya wabaya. Kitovu kilikatwa kwa ubapa wa mwanzi, ambao katika nchi hii ya ulanzi, pombe ya mwanzi, hupatikana nyuma ya kila nyumba, na mara nyingine kikapakwa majivu au samadi. Mtoto aliyenyonya vizuri siku nne tano ghafla alikaza taya, akapinda mgongo, akafa. Tulichelewa kujua kwamba ile ilikuwa pepopunda, na kwamba sindano anayochomwa mama akiwa mjamzito pamoja na wembe safi vingetosha kuizuia. Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga mwaka 2012. Kwa wakunga wa umri wangu habari ile ilikuwa na sura za watoto tunaowakumbuka.

Kabla ya hospitali kulikuwa na misheni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Ubena, nchi ya Wabena wa Njombe, mwishoni mwa karne ya 19 na kufungua vituo Kidugala, Lupembe na Yakobi. Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipofika huku, kituo cha Yakobi kilishambuliwa. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vyakula na vijiji, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wazee walipohadithia njaa ile walitaja wanawake waliojifungua porini, bila nyumba wala ulezi. Utaratibu wa kumtunza mzazi unahitaji ghala lenye chakula na watu wenye nafasi ya kukaa. Vita viliviondoa vyote viwili kwa pamoja.

Kilichofuata kiliondoa watu polepole zaidi. Chini ya Waingereza, Njombe ikawa moja ya wilaya zilizotoa manamba, yaani vibarua wa mkataba, wengi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na huku juu fedha ilikuwa adimu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, na malori yakawa yanashuka na vijana wetu kila msimu. Babu yangu alikwenda zaidi ya mara moja, na mama yangu alizaliwa yeye akiwa mbali. Wanaume walipoondoka, kazi zao za kusafisha mashamba, kupasua kuni na kutengeneza nyumba ziliwaangukia wanawake, wale wale waliotakiwa kukaa na mzazi. Bibi alikuwa akisema kwamba mama yangu alipozaliwa, yeye alirudi shambani mapema kuliko ilivyoruhusiwa, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa peke yake na mvua ilikuwa imeshaanza. Desturi ilibaki katika maneno, lakini siku zake zikapungua.

Mwaka 1949 kampuni ya miwati, TANWAT, ilianzishwa Njombe. Miti ile, inayotoa magome ya kusindika ngozi, ilibadilisha sura ya vilima vyetu, na matawi yake yakawa kuni za kila nyumba. Ajira ilipatikana karibu, na kampuni ikawa na hospitali yake. Upande wa makanisa, Walutheri walikuwa na hospitali Ilembula, Wabenediktini walihudumia Uwemba, Wakatoliki wakajenga Lugarawa kule Ludewa, na katika miaka ya 1960 Wamisionari wa Konsolata wakaanza Ikonda, Makete, ambako baridi inazidi hata hii ya Njombe. Serikali nayo ilikuwa na hospitali yake ya wilaya, Kibena.

Katika hospitali hizo ndipo neno wodi ya wazazi lilipoingia katika vinywa vya wanawake wa kwetu. Walikwenda kwa woga, na wana haki ya kueleweka. Wodi ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyopangwa mstari, sakafu ya saruji, na madirisha yaliyoachwa wazi makusudi. Nyuma ya madirisha yale kulikuwa na historia ndefu ya Ulaya. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba madaktari waliotoka kupasua maiti walikuwa wakiwabebea wazazi homa ya uzazi mikononi mwao. Alipowalazimisha kunawa kwa maji ya klorini, vifo vilishuka sana. Wakati ule wengi hawakumsikiliza, lakini hatimaye wodi ya wazazi popote duniani ikaogopa uchafu kuliko kitu kingine chochote: maji mengi, dawa ya kuulia vijidudu, hewa ipite, wageni wachache. Woga huo uliokoa wanawake wasiohesabika. Lakini ulipofika nchi ya baridi, ulimaanisha pia kwamba moto ulikatazwa na bibi alibaki nje ya lango.

Alibaki nje lakini hakuondoka. Kila hospitali ya mkoa huu ninayoijua ilikuwa na banda la wasindikizaji nyuma, lenye mafiga na masufuria meusi, ambako mama wakwe na dada walipika uji na kuchemsha maji ya kukandia. Mganga mkuu aliweza kupanga saa za kuona wagonjwa, lakini hakuweza kulizuia beseni la maji hayo kupita mlangoni. Nikiwa mwanafunzi nilitumwa kuwaambia akina mama wale wasimkande mzazi aliyeshonwa. Mmoja wao, mzee aliyevaa kitenge mabegani, aliniitikia kwa upole, kwa salamu ya kwetu: “Kamwene, mwanangu. Basi nionyeshe wewe utamfanyia nini.” Nilimwonyesha namna ya kuupapasa mfuko wa uzazi na namna ya kuhesabu pedi zilizolowa. Usiku ule alikuja kuniamsha yeye, akisema damu ya mkwewe imezidi. Alikuwa sahihi. Sisi wauguzi tulikuwa wawili kwa wodi nzima, na yeye alikuwa mmoja kwa mama mmoja.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na hasa baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji miaka ya 1970, huduma iliwafuata watu. Mwaka 1974 serikali ilianza mpango wa afya ya mama na mtoto, na kliniki ikawa sehemu ya maisha: kadi, mizani ya kuning'iniza, chanjo. Reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa wakati huo huo. Kipande kilichopanda kutoka Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, chenye mahandaki na madaraja mengi, na kilipokamilika Makambako ikawa mahali ambapo reli, barabara kuu ya kwenda Zambia na njia ya Songea vinakutana. Lami ya kutoka Makambako kupita Njombe hadi Songea ilifuata miaka ya 1980. Kabla ya lami, mzazi aliyetoka damu kijijini alisubiri lori la mahindi.

Mwaka 1983 Iringa, wakati huo ikiwa na wilaya zetu zote ndani yake, ilichaguliwa kwa mpango mkubwa wa lishe wa serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianza katika vijiji 168. Watu wanaukumbuka kwa siku za afya za kijiji, watoto wakipimwa uzito hadharani na wazazi wakiulizwa mbele ya halmashauri ya kijiji kwa nini mtoto fulani ameshuka. Mimi naukumbuka kwa sababu uliwaita pia wakunga wa jadi. Walifundishwa kunawa, kutumia wembe mpya, kutambua hatari na kuleta rufaa. Kwa mara ya kwanza mtu wa serikali alikaa na wanawake wa aina ya bibi yangu na kuwauliza wanafanya nini baada ya mtoto kutoka. Baadaye sera iligeuka. Ilionekana kwamba mafunzo yale peke yake hayapunguzi vifo, kwa kuwa mkunga wa jadi hata akitambua damu inayozidi hana dawa wala ukumbi wa upasuaji. Wanawake wakahimizwa wote wajifungulie vituoni. Naikubali sababu hiyo. Ninachosikitikia ni kwamba tulipowaondoa wakunga wa jadi katika kuzalisha, tuliwaondoa pia katika kutunza, kazi ambayo hakuna aliyeajiriwa kuichukua.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza katika miaka migumu ya uhaba wa vifaa, katika hospitali ambayo sitaitaja, nikiwa mkunga mwenyewe. Mzazi alikwenda na beseni lake, wembe, pamba, nyuzi za kufungia kitovu, mpira wa kutandika, vitenge, na mafuta ya taa kwa ajili ya usiku. Kuanzia mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kuchangisha wagonjwa. Wajawazito na watoto wadogo walisamehewa kwenye karatasi, lakini beseni lile halikusamehewa. Tulilala wawili kitanda kimoja, kichwa huku, miguu kule, watoto katikati. Mwenzangu alitoka upande wa Wanging'ombe na alikuwa amepoteza damu nyingi. Nilimjua kwa baridi ya miguu yake mgongoni mwangu. Hakuna aliyekuja kumpima presha hadi asubuhi, na najua kwa nini: muuguzi wa zamu alikuwa leba na mwanamke mwingine anayezaa. Nimekuwa muuguzi yule mara nyingi. Leba humwita mkunga kwa sauti. Wodi ya waliokwisha kujifungua hukaa kimya, na mama anayevuja damu polepole chini ya blanketi hana sauti ya kumshinda anayesukuma.

Mambo mema yalikuja pia. Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walianzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, na Tanzania ikaupokea. Tulifundishwa kumweka mtoto kifuani mara tu anapotoka, kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza, kutomtenga na mama yake. Tulifundishwa kuitetea dang'a, maziwa ya kwanza ya njano ambayo nyumba nyingi ziliyakamua na kuyamwaga, zikampa mtoto maji ya sukari. Nilibishana na bibi kwa sababu ya dang'a, kisha nikamwona akiwafundisha wengine kama jambo alilolijua siku zote.

Halafu ukaja ugonjwa uliobadilisha wodi kuliko vita na reli. Makambako, mji wa malori na nyumba za wageni, uliuonja mapema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI mkoani Njombe ni asilimia 14.8, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Ule wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 11.4, na wa 2022 na 2023 asilimia 12.7. Kila namba hapo ni mama ambaye nimewahi kusimama karibu na kitanda chake nikipunguza sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huduma ya kuzuia maambukizi kwa mtoto ilipoanza, tuliwaambia wachague: maziwa ya kopo kama wanamudu, au kunyonyesha na kuachisha mapema. Katika nyumba ya Wabena, mzazi anayeacha kunyonyesha amejitangaza. Mama mkwe angeuliza, mtaa ungejua. Wengine walitoa kopo mbele yetu na kunyonyesha mbele ya mkwe. Maji ya kuchanganyia maziwa ya kopo, yasiyochemshwa vizuri, yakaua watoto ambao virusi havikuwagusa.

Kilichotutoa pale ni dawa. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2013 Tanzania ikaingia katika utaratibu wa kumwanzishia kila mjamzito mwenye virusi dawa za kufubaza kwa maisha yake yote. Mama ananyonyesha, anameza dawa, mtoto anapewa nevirapini ya maji na kupimwa akiwa na majuma sita. Lakini dawa hiyo inahitaji mtu wa kumkumbusha mama aliyechoka, kumshikia mtoto ameze, kumsindikiza kliniki. Akina mama waliofanikiwa, kwa nilivyowaona, wengi walikuwa na mwanamke mmoja nyumbani aliyeijua siri na kuitunza.

Jambo jingine lililonifunza lilitoka mbali zaidi. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya Bogotá, Kolombia, mji ulio juu milimani kuliko Njombe, daktari Edgar Rey Sanabria hakuwa na mashine za kutosha za kuwapa joto watoto njiti. Aliwaweka watoto wale kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Utaratibu huo ukaitwa malezi ya kangaroo na umeenea duniani kote. Ulipofika kwetu, ukiwa na mabango na mafunzo, nilimtembelea bibi na kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama wodi yetu sasa itakuwa na joto, na kama mama atapata mtu wa kumpokea mtoto anapokwenda kuoga. Hayo ndiyo maswali mawili ambayo watafiti wa malezi ya kangaroo huyauliza pia. Mama aliyefungwa mtoto kifuani saa ishirini na nne hawezi kufanikiwa peke yake katika chumba cha baridi.

Njombe ikawa mkoa kamili mwaka 2012. Hospitali ya rufaa ya mkoa ikajengwa, Makambako ikapata hospitali ya mji, vituo vya afya vikaongezwa vyumba vya upasuaji. Takwimu za taifa zinaonyesha tulikofika. Wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa 2015 na 2016. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 81. Vifo vya wazazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti ule wa kwanza, na 104 katika wa pili. Tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama umesambazwa nchi nzima: ukipiga 115, mwenye gari wa kijijini aliyesajiliwa anakuja, na analipwa na mpango. Namkumbuka mwenzangu wa Wanging'ombe na lori la mahindi, na ninashukuru.

Lakini tazama namba ya watoto wachanga. Waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 katika kila 1,000 mwaka 2015 na 2016. Mwaka 2022 walikuwa 24. Wakati mama zao wanapona, wao wamesimama pale pale. Na katika utafiti ule wa kwanza, wazazi waliochunguzwa na mhudumu ndani ya siku mbili baada ya kujifungua walikuwa asilimia 34 tu, ingawa zaidi ya nusu walikuwa wamejifungulia mikononi mwetu. Walikuwa ndani ya majengo yetu, na hatukurudi kuwatazama.

Kutazama ndiko kunakookoa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa, E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa wanawake zaidi ya 200,000. Katika hospitali zilizopewa utaratibu mpya, kila mzazi aliwekewa chini shuka la plastiki lenye mistari ya vipimo ili damu ionekane ni kiasi gani, badala ya kukisiwa, na ikizidi alipewa kwa mkupuo mmoja kusuguliwa tumbo, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipa na uchunguzi. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Nyingi kati ya dawa zile tulikuwa nazo tayari. Kilichoongezeka ni mtu aliyesimama karibu akiangalia, mwenye kipimo mkononi na ruhusa ya kuanza mara moja.

Mwongozo wa huduma baada ya kujifungua unasema mama aliyejifungua salama akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe tena ndani ya siku saba, siku ya 28 na siku ya 42. Wapo Makambako wanaoruhusiwa mapema kuliko hapo kwa sababu kitanda kinahitajika, wakapanda bodaboda na mtoto kifuani katika upepo wa Julai. Wengi wao ni wageni katika mji huu: wamefuata biashara, mume anaendesha lori, mama mkwe yuko Makete au Mbeya. Nyumbani kuna chumba kimoja cha kupanga na jiko la mkaa ambalo ni hatari kulifungia ndani. Kwao hakuna bibi wa kuchukua pale wodi inapoishia.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu hakihitaji jengo jipya. Chumba cha wazazi kiwe na joto, kwa umeme au kwa ukuta na dirisha linalofungika. Kila mzazi aruhusiwe mwanamke mmoja wa kukaa naye usiku, na mwanamke huyo afundishwe siku ile ile kupapasa mfuko wa uzazi, kusoma damu, kumkausha na kumfunika mtoto, kuita. Zamu ya usiku iwe na muuguzi wa waliokwisha kujifungua ambaye leba haimchukui. Na wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii wapewe orodha ya walioruhusiwa, ili wagonge mlango kabla ya siku ya saba, hasa milango ya wageni.

Bibi yangu na wenzake hawakuwa na oksitosini, wala damu ya kuongeza, wala dawa za kufubaza virusi, na walizika mabinti zao kwa kuvikosa. Walichokuwa nacho walikitoa chote: moto, chakula na mtu wa kukesha. Leo tuna dawa, tuna magari, tuna kadi na simu. Mama akiachwa peke yake katika usiku wake wa kwanza sasa, ni kwa sababu ya namna tulivyopanga zamu na fedha, na jambo hilo hubadilishwa katika kikao cha bajeti.